Prosesa kongwe au mpya? Jinsi ya kulinganisha prosesa za kompyuta za kazi nzito

Xeon E5-2680 v4 ina viini 14 (core, sehemu zinazofanya hesabu), nyuzi 28 (thread, mikondo ya kazi inayoweza kwenda kwa pamoja) na kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya megabaiti 35. Core i5-12400 ina viini 6, nyuzi 12 na kache ya megabaiti 18. Ya kwanza ilitoka mwaka 2016 kwa ajili ya seva na kompyuta za kazi nzito, ya pili ikatoka mwanzoni mwa 2022 kwa kompyuta za kawaida za mezani. Ukisoma karatasi ya sifa peke yake utadhani hakuna cha kushindania. Zipe zote mbili mchoro wa jengo kwenye programu ya usanifu, ile ndogo itatangulia kwa mbali. Zipe kurenda fremu za 3D (kukokotoa picha zake za mwisho) usiku kucha, ile kongwe itamaliza kwanza, ingawa si kwa tofauti ambayo idadi ya viini inakuahidi.

Kwa hiyo swali la "ipi kali zaidi" halina jibu mpaka useme kali kwa kazi gani, na ikiwa imefungwa ndani ya mashine ipi. Mwongozo huu unakupa njia ya kulijibu kwa kupima na kwa hesabu fupi, kabla hujatoa fedha.

Hatua ya 1: Andika kazi yako kwa dakika

Chukua kazi tatu zinazokula muda wako mwingi. Usiandike "video" au "3D". Andika kitu kinachopimika: kutoa video ya dakika 10 ya 4K, kukompaili mradi mzima kutoka mwanzo, kufungua modeli yenye sehemu 3,000 na kuizungusha, kuendesha mashine pepe nne (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kwa pamoja. Mbele ya kila moja weka muda inaochukua leo na mara ngapi unaifanya kwa wiki.

Kisha angalia kinachotokea kazi inapoendelea. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bofya grafu ya CPU kwa kitufe cha kulia na uchague ionyeshe kila prosesa ya kimantiki peke yake. Kwenye Linux tumia `htop`. Utaona moja ya sura hizi:

- Uzi mmoja uko asilimia 100, mingine imelala. Kazi hii inataka kiini chenye kasi. Viini vya ziada havitaisaidia.
- Nyuzi zote zimejaa. Hapa idadi ya viini ina maana.
- Hakuna uzi uliojaa, na kazi bado inakawia. Tatizo liko kwenye diski, RAM, kadi ya grafiki au mtandao. Prosesa mpya haitabadilisha kitu, na hili ndilo kosa linalowagharimu watu wengi zaidi.

Sura ya kwanza hujificha kwenye mashine ya viini vingi. Uzi mmoja uliojaa kati ya 28 unaonekana kama matumizi ya asilimia 3 au 4 kwenye grafu ya jumla, na mtu anahitimisha kwamba prosesa haina kazi. Ndiyo maana lazima uangalie kila uzi.

Hatua ya 2: Itambue kwa kizazi, achana na jina la ukoo

Neno "Xeon" (la Intel) au "Threadripper" (la AMD) halikuambii umri, na umri ndio unaobeba mengi. Kwenye Windows tumia CPU-Z, kwenye Linux andika `lscpu`. Hivi ndivyo vizazi utakavyokutana navyo mara nyingi:

- Xeon E5 (2012) na E5 v2 (2013): soketi LGA 2011, RAM ya DDR3 kwenye chaneli nne (njia za data kati ya RAM na prosesa), hadi viini 8 na 12. Hazina AVX2, amri za kuchakata namba nyingi kwa mpigo mmoja.
- Xeon E5 v3 (2014) na v4 (2016): soketi LGA 2011-3, DDR4 kwenye chaneli nne, hadi viini 18 na 22. AVX2 ipo.
- Xeon W-2100 (2017) na W-2200 (2019): LGA 2066, chaneli nne za DDR4, AVX-512.
- Xeon W-2400 na W-3400 (2023): LGA 4677, DDR5, PCIe 5.0 (mfumo wa kuunganisha kadi na diski), hadi viini 56.
- Threadripper ya 1000 (2017) na 2000 (2018): soketi TR4. Ya 3000 ilikuja na soketi yake nyingine, sTRX4.
- Threadripper PRO 3000 (2020) na 5000 (2022): sWRX8, chaneli nane za DDR4, njia 128 za PCIe 4.0.
- Threadripper 7000 (2023) na 9000 (2025): sTR5, DDR5.

Angalia pia herufi na tarakimu za mwisho. E5-1600 hukaa peke yake kwenye ubao mama, E5-2600 zinaweza kukaa mbili. LGA 2011 na LGA 2011-3 zina idadi sawa ya pini lakini hazibadilishani, kwa hiyo usinunue prosesa ya v3 kwa ubao wa v2 kwa sababu tu namba zinafanana.

Tukija kwenye gigahezi: namba hiyo inalinganishika ndani ya kizazi kimoja tu. Inakuambia saa ya prosesa inapiga mara ngapi kwa sekunde, haikuambii kazi kiasi gani inafanyika kwa kila pigo. AMD yenyewe ilitangaza kwamba Zen 3 (Zen ni jina la vizazi vya viini vyake) inafanya kazi zaidi kwa asilimia 19 kwa kila pigo kuliko Zen 2, Zen 4 asilimia 13 zaidi ya Zen 3, na Zen 5 asilimia 16 zaidi ya Zen 4. Zidisha: 1.19 × 1.13 × 1.16 ni kama 1.56. Yaani kwa hesabu ya mtengenezaji, kiini cha Zen 5 kwenye gigahezi 4 hufanya kazi ambayo kiini cha Zen 2 kingeifanya kikiwa karibu na gigahezi 6.2. Ni wastani wa programu nyingi, na yako inaweza kuwa juu au chini yake, lakini unaonyesha kwa nini "zote ni gigahezi 4" ni sentensi isiyo na uzito.

Jihadhari pia na gigahezi ipi inasomwa. E5-2680 v4 imeandikwa 2.4 kama msingi na 3.3 kama turbo, yaani mwendo wa juu wa muda, na hiyo 3.3 ni ya viini vichache. Viini vyote 14 vikiwa kazini mwendo unashuka, na programu ikitumia amri nzito za AVX unaweza kushuka hata chini ya msingi ulioandikwa.

Hatua ya 3: Tafuta sehemu ya kazi inayogawanyika

Hii ndiyo hatua inayoamua, na watu wengi huiruka. Karibu kila kazi ina sehemu inayoweza kugawanywa kwa viini vingi na sehemu ambayo lazima ipite kwenye kiini kimoja. Sehemu hiyo ya pili haipungui hata ukiongeza viini mia.

Pima hivi. Endesha kazi yako kwenye kiini kimoja, andika sekunde. Iendeshe tena kwenye viini 8, andika sekunde. Kwenye Linux:

`taskset -c 0 amri_yako`
`taskset -c 0-7 amri_yako`

Kabla ya hapo andika `lscpu -e` uone namba zipi ni viini tofauti na zipi ni nyuzi mbili za kiini kimoja. Kwenye Windows nyuzi za kiini kimoja kwa kawaida zinafuatana, 0 na 1, kisha 2 na 3. Kwa hiyo ukitaka viini vinane vyenye uzi mmoja mmoja tumia `start /affinity 5555`, wala si `FF`, ambayo itakupa viini vinne tu vyenye nyuzi mbili mbili. Kosa hili linaharibu hesabu yote inayofuata bila kukupa dalili yoyote.

Sasa tafuta sehemu inayogawanyika, tuiite p:

p = (1 − muda wa viini n ÷ muda wa kiini kimoja) ÷ (1 − 1 ÷ n)

Tuseme kiini kimoja kilitumia sekunde 600 na viini 8 vikatumia 180. 180 ÷ 600 ni 0.3. 1 − 0.3 ni 0.7. Gawanya kwa 0.875 upate p = 0.8. Asilimia 80 ya kazi inagawanyika. (Kiini kikiwa peke yake hukimbia kwa turbo ya juu zaidi, kwa hiyo p halisi iko juu kidogo ya hii. Ukitaka usahihi zaidi zima turbo kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) wakati wa kupima.)

Baada ya hapo tumia kanuni ya Amdahl: kasi = 1 ÷ ((1 − p) + p ÷ n), kisha zidisha kwa kasi ya kiini kimoja cha prosesa husika. Turudi kwa zile mbili za mwanzo. Tuseme umepima na kuona kiini kimoja cha i5-12400 kina kasi mara 1.8 ya kiini cha E5-2680 v4.

Kwa p = 0.8:
- E5-2680 v4, viini 14: kama 3.9
- i5-12400, viini 6: 3.0 × 1.8 = 5.4

Kwa p = 0.99:
- E5-2680 v4: kama 12.4
- i5-12400: 5.7 × 1.8 = kama 10.3

Prosesa ni zilezile, mshindi amebadilika. Hata pale kongwe inaposhinda, viini vyake mara mbili na zaidi vimeleta faida ya asilimia 20 hivi tu. Zote mbili zina nyuzi mbili kwa kila kiini, kwa hiyo faida ya nyuzi inajifuta pande zote. Kurenda kwa CPU na kukompaili mradi mkubwa kwa kawaida hukaa juu ya 0.95, usanifu wa vipuri na majengo, uhariri wa picha na lahajedwali hukaa chini sana ya hapo. Hayo ni makisio ya kuanzia tu, p yako ipime mwenyewe.

Mashine pepe na seva za ndani ni kesi ya peke yake. Hapo huna kazi moja inayogawanyika, una kazi nyingi zisizotegemeana, na prosesa kongwe yenye viini vingi inafaa kuliko inavyosifiwa.

Hatua ya 4: Pima pande zote mbili kwa haki

Kama unaweza kuifikia mashine ya pili hata kwa nusu saa, pima kazi yako halisi juu yake. Kipimo cha kasi cha mtandaoni ni cha kuchuja orodha. Uamuzi uache kwa kazi yako. Ukilazimika kutumia namba za wengine, soma mbili: ya kiini kimoja na ya viini vyote, kutoka programu ileile na toleo lilelile. Alama za Cinebench R23 na za Cinebench 2024 hazilinganishiki hata kidogo, na Blender hubadilika kasi kutoka toleo hadi toleo.

Unapopima mwenyewe:

1. Tumia mfumo endeshi mmoja, toleo moja la programu na faili ileile pande zote.
2. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu. Kwenye Linux: `cpupower frequency-set -g performance`.
3. Endesha mara moja bila kuandika, ili faili ziingie kwenye RAM. Kisha endesha mara tano na uchukue ya katikati. `hyperfine --warmup 1 --runs 5` inakufanyia mizunguko hiyo, ingawa kwenye skrini inaonyesha wastani.
4. Endesha kipimo cha dakika 10 mfululizo. Prosesa mpya hukimbia sana dakika ya kwanza kisha joto linaibana. Ukipima sekunde 30 unapima turbo.
5. Fungua HWiNFO pembeni, au `turbostat` kwenye Linux, uandike mwendo wa saa, wati na joto. Prosesa inayofika kikomo cha joto hujakipima kipaji chake, umepima kipozajoto chake.

`7z b` hutoa kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kusakinisha kitu kikubwa, lakini kinategemea sana RAM, kwa hiyo kisome pamoja na hatua inayofuata.

Hatua ya 5: RAM

Kasi ya RAM kupitisha data hupatikana kwa kuzidisha kasi yake kwa baiti 8, kisha kwa idadi ya chaneli. DDR4-2400 kwenye chaneli nne: 2400 × 8 × 4 ni gigabaiti 76.8 kwa sekunde. DDR5-4800 kwenye chaneli mbili: 4800 × 8 × 2, pia 76.8. Kompyuta ya kawaida ya DDR5 imeifikia ile ya kazi nzito ya 2016 katika jambo ambalo lilikuwa fahari yake. DDR4-3200 kwenye chaneli mbili inabaki 51.2. Threadripper PRO 7000 yenye chaneli nane za DDR5-5200 inafika 332.8, na hapo hakuna kompyuta ya kawaida inayoisogelea. Kazi za mahesabu ya mtiririko wa hewa na maji, au kuendesha modeli kubwa za lugha kwenye CPU, zinafuata namba hii kuliko gigahezi.

Namba hizo ni za kinadharia na zinadai kila chaneli iwe na kipande chake. Mashine nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na vipande viwili kwenye ubao wa chaneli nne, na hapo unapata nusu. Andika `dmidecode -t memory` uone nafasi zilizojazwa na kasi ambayo RAM inakimbia kweli.

Upande wa ukubwa, kongwe bado inatamba. E5-2680 v4 inakubali hadi terabaiti 1.5, i5-12400 hadi gigabaiti 128. Ukijaza nafasi zote nne kwenye ubao wa Ryzen 7000 (za mezani za AMD), kasi rasmi ya DDR5 inashuka hadi 3600. Anayehitaji gigabaiti 128 kwenye jukwaa hilo anunue vipande viwili vikubwa, si vinne.

Aina za RAM hazichanganywi. Xeon E5 kwenye mashine za kazi nzito kwa kawaida hutumia RDIMM (RAM yenye chipu ya kati inayopokea amri) yenye ECC, yaani uwezo wa kurekebisha makosa ya data. Ryzen na Core hutumia UDIMM, isiyo na chipu hiyo ya kati. Threadripper za 1000 hadi 3000 zisizo PRO hutumia UDIMM, na 7000 zinataka RDIMM za DDR5. RAM ya mashine yako ya zamani karibu kila mara haihamii kwenye mpya, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Tena usidanganywe na ECC iliyo ndani ya kila chipu ya DDR5: hiyo hurekebisha makosa ndani ya chipu tu, hailindi data njiani kwenda kwenye prosesa. Kazi isiyovumilia biti kugeuka inataka ECC kamili, yaani RAM yenyewe, prosesa na ubao mama vyote viiunge mkono.

Hatua ya 6: Hesabu njia za PCIe

Njia moja ya PCIe 3.0 hupitisha takriban gigabaiti 1 kwa sekunde, 4.0 ni mara mbili yake, 5.0 mara nne. E5 v4 ina njia 40 za 3.0. i5-12400 ina 16 za 5.0 na 4 za 4.0. Kwa jumla ya kasi mpya inashinda. Kwa idadi ya kadi unazoweza kuchomeka, kongwe inashinda. Mwenye kadi mbili za grafiki, kadi ya mtandao ya gigabiti 10 na diski tatu za NVMe atakwama kwenye ubao wa kawaida hata uwe mpya namna gani.

Kuna mtego upande wa pili. Baadhi ya kadi za grafiki za siku hizi zina njia chache: RTX 4060 ina 8 za PCIe 4.0. Ukiichomeka kwenye ubao wa 3.0 inabaki na njia 8 za 3.0, nusu ya kasi iliyokusudiwa, hata kama soketi ni ndefu ya njia 16. Kwenye mashine ya prosesa mbili, baadhi ya nafasi za kadi na za RAM zinaunganishwa na prosesa ya pili. Usipoifunga, nafasi hizo zimekufa.

Na prosesa mbili si sawa na moja yenye viini mara mbili. Uzi ulio kwenye prosesa ya kwanza ukitaka data iliyo kwenye RAM ya prosesa ya pili, unasubiri zaidi. Programu ambazo hazikuandikwa kwa mpangilio huo zinaweza hata kupungua kasi. Vilevile, Windows hupanga nyuzi kwa makundi ya 64. Programu za zamani zinaweza kutumia kundi moja tu na kuyaacha mengine yamelala.

Hatua ya 7: Amri na mifumo endeshi

Hapa kongwe inaweza kutolewa kabla mchezo haujaanza. Red Hat Enterprise Linux 10 inadai kiwango cha x86-64-v3, ambacho kinajumuisha AVX2, kwa hiyo E5 na E5 v2 haziwezi kuiendesha. Windows 11 haiitambui rasmi E5 ya kizazi chochote, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama ofisi yako inakaguliwa usalama, suala limeisha hapo. Kama unaendesha Linux nyingine, E5 v3 na v4 bado zina maisha.

Kuangalia amri: `lscpu | grep -o -w -e avx -e avx2 -e avx512f`. AVX-512 ina utata wake. Ipo kwenye Xeon W zilizotajwa kwenye Hatua ya 2 na kwenye Zen 4 na Zen 5, lakini Core za kizazi cha 12 na kuendelea hazinayo. Mpya hapa haimaanishi zaidi.

Wahariri wa video waangalie kitu kimoja zaidi. Xeon E5 na Threadripper hazina sehemu ya grafiki ndani yake. Core zenye grafiki, kuanzia kizazi cha 11, husoma video ya HEVC ya 4:2:2 ya biti 10 (umbo lenye rangi nyingi zaidi) kwa kifaa maalum, na kamera nyingi hurekodi kwa umbo hilo. Prosesa ndogo yenye Quick Sync (jina la kifaa hicho) huchezesha video hizo laini pale ambapo viini 20 vya Xeon vinahema. Usichukue toleo la F, kama i5-12400F, kwa kazi hii, kwa kuwa halina grafiki.

Prosesa za Intel zilizotoka kabla ya 2018 zinabeba pia kinga za programu dhidi ya Meltdown na Spectre, mianya ya usalama iliyo ndani ya prosesa zenyewe. Kinga hizo hupunguza kasi hasa kwenye kazi zenye kusoma na kuandika diski na mtandao kwa wingi. `grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*` itakuonyesha zipi zimewashwa. Pima zikiwa zimewashwa, maana ndivyo utakavyofanya kazi.

Hatua ya 8: Umeme na joto

TDP, yaani wati zilizoandikwa kwenye karatasi ya sifa, si kipimo cha umeme unaotumika. Ryzen yenye TDP ya wati 170 inaruhusiwa kuvuta hadi 230. Core i9-14900K imeandikwa 125 na inaruhusiwa hadi 253. Nunua kipima umeme cha kuchomeka ukutani na upime mashine nzima, ikiwa imetulia na ikiwa kazini.

Kisha linganisha nishati kwa kazi moja. Mashine A ikivuta wati 210 na kumaliza kwa dakika 50, imekula wati-saa 175. Mashine B ikivuta 120 na kumaliza kwa dakika 60, imekula 120. B imechelewa dakika 10, lakini imetumia nishati pungufu kwa karibu theluthi moja. Muda wa kutulia nao una uzito: tofauti ya wati 50 kwa saa 2,000 za kazi kwa mwaka ni kilowati-saa 100. Zidisha kwa bei yako ya umeme, kwa miaka unayotarajia kuitumia.

Prosesa mpya zina nafasi kubwa ya kupunguzwa. Ryzen 7000 za X zimeundwa kufika digrii 95 za joto na kukaa hapo, lakini ukiwasha Eco Mode kwenye BIOS unaokoa umeme mwingi kwa kupoteza kasi kidogo kwenye viini vyote na karibu hakuna kwenye kiini kimoja. Hiyo ndiyo namna ya kuipima kama kelele na joto vinakusumbua.

Hatua ya 9: Kabla ya kulipa

- HP Z420, Z620 na Z820 zilitoka na matoleo mawili ya boot block (sehemu ya BIOS inayoanzisha mashine), la 2011 na la 2013. La 2011 halikubali E5 v2, na kusasisha BIOS hakulibadilishi. Tarehe imeandikwa ndani ya BIOS. Omba picha yake.
- Ukipandisha kutoka v3 kwenda v4, sasisha BIOS kwanza prosesa ya zamani ikiwa bado imefungwa. Ukitanguliza prosesa, skrini itabaki nyeusi.
- Baadhi ya Threadripper PRO zilizotoka kwenye mashine za kiwandani zimefungwa kwa mtengenezaji wa mashine hiyo kwa fyuzi za ndani ya chipu. Haziwaki kwenye ubao mwingine na hakuna wa kuzifungua. Muulize muuzaji ilitoka kwenye mashine ipi.
- Chipu yenye maandishi "Intel Confidential" au msimbo unaoanza na Q badala ya SR ni ya majaribio. Mwendo wake unaweza kuwa mdogo na BIOS inaweza kuikataa.
- Core za kizazi cha 13 na 14 za mezani zilikuwa na tatizo la volteji linalozichakaza. Intel ilitoa maikrokodi (sasisho la ndani ya prosesa linalokuja na BIOS) 0x129 na kisha 0x12B mwaka 2024. Sasisho linazuia uharibifu, haliponyi chipu iliyokwisha kuumia. Ya mtumba ya aina hii inunue tu ikiwa na waranti.
- Soketi ya LGA 2011 ina vishikio vya aina mbili, cha mraba na chembamba. Kipozajoto cha kimoja hakiingii kwenye kingine.
- Mashine za kiwandani mara nyingi zina pawa saplai na ubao wa umbo lake peke yake. Zikifa, kipuri cha kawaida hakifai.

Hatua ya 10: Ukishafunga

Threadripper za TR4 hufungwa kwa bisibisi ya Torx T20 kwa nguvu ya nyutoni-mita 1.5, skrubu ya 1, 2 kisha 3. Kufungua ni 3, 2, 1. Chaneli moja ya RAM ikipotea baada ya kufunga, mara nyingi ni mkandamizo usio sawa. Fungua, futa, weka upya na ufunge kwa mpangilio huo kabla hujalaumu RAM.

Kwenye AM5, soketi ya Ryzen 7000, mara ya kwanza kuwasha skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mashine ikijifunza RAM. Usikate umeme.

Kisha pima RAM kwa Memtest86+ mizunguko minne, halafu saa moja ya `stress-ng --cpu 0 --timeout 1h` huku ukiangalia joto. Kama una ECC, sakinisha rasdaemon, inayorekodi makosa ya RAM, na uandike `ras-mc-ctl --error-count`. Kosa moja lililorekebishwa ndani ya mwezi si la kukukosesha usingizi. Makosa yanayojirudia kwenye nafasi ileile ya RAM yanataka uhamishe kile kipande kwenye nafasi nyingine: kosa likikifuata kipande, kibadilishe, likibaki kwenye nafasi, chunguza pini za soketi kwa kioo cha kukuza.